Samaki wa Baba Mkwe

Siku tuliyomzika baba mkwe wangu, shangazi ya mume wangu, ambaye sote tunamwita Senge, alinivuta kando nyuma ya jiko, mahali masufuria ya matanga yalikuwa yamepinduliwa juani yakauke. "Wanasema ni wewe ulikuwa unamwosha," aliniambia kwa sauti ya chini. Nikamwambia ni kweli. "Kwa mikono yako? Mke wa mwanawe?" "Kwa mikono yangu, Senge. Nilimwosha, nikamlisha uji, nikamkata kucha." Aliniangalia kwa muda, macho yake mekundu kwa kulia na kwa moshi. "Na yeye alikubali?" "Yeye ndiye aliyetaka iwe hivyo." Senge alitikisa kichwa, akajifunga leso upya kiunoni, akarudi kwa wenzake. Sikumlaumu. Kwetu sisi watu wa magharibi, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawaketi kiti kimoja, na kitu hakitoki mkononi mwa huyu kuingia mkononi mwa yule. Kinawekwa chini kwanza, ndipo mwingine anakiokota. Mimi nililelewa nikijua hayo kama ninavyojua jina langu. Njia nzima ya kurudi Kitengela nilikuwa nikijiuliza ningemweleza vipi Senge kwamba jambo lile lilianzia kwenye tangi la samaki.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, Kitengela ikiwa bado na nafasi. Kutoka dirisha letu la jikoni ungeweza kuona pundamilia wakila nyasi ng'ambo ya ua wa jirani, na mvua ikinyesha, udongo mweusi ulikushika miguu mpaka ukaviacha viatu ndani ya matope na kuendelea peku. Wekesa, mume wangu, alikuwa amenunua kipande kidogo cha ardhi na kujenga vyumba viwili na sebule, bila dari, hata mvua ikianza tulinyamaza kwa sababu mabati yalizidi sauti zetu. Mimi nilifanya kazi nusu siku kwenye saiba moja mjini, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi na kuwaonyesha jinsi ya kufungua intaneti. Wekesa aliondoka alfajiri kwenda kiwandani Nairobi, akarudi giza likiingia. Ndipo baba yake akaletwa kuishi nasi. Mkewe alikuwa amefariki muda mfupi kabla ya harusi yetu, na ndugu zake walisema mzee hali chakula, anakaa tu mlangoni akiangalia barabara. Nyumba yetu haingeweza kumweka yeye na mimi chini ya paa moja, kwa hiyo Wekesa alimjengea chumba cha mabati nyuma, mlango ukitazama ua, akamwekea kitanda, kiti cha mbao, na msumari wa kutundikia koti.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Kila siku mchana tulibaki sisi wawili peke yetu katika ua ule, watu wawili wasioruhusiwa kukaribiana. Nilimpikia, nikaweka sahani kwenye stuli katikati ya ua, nikarudi jikoni. Yeye alitoka, akaichukua, akaila chumbani, akairudisha kwenye stuli. Mara nyingi ilirudi kama ilivyokwenda. Nilijaribu kuku, maharagwe, mrenda niliotumiwa kwa basi kutoka nyumbani, na sahani ikarudi. Na kwa kuwa hakutaka kuniambia neno moja kwa moja, alizungumza na kuku wetu. Tulikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyependa kulala kivulini mlangoni pake. "Kuku," nilikuwa nikimsikia akisema, "kama kungekuwa na chai bila sukari leo, ingekuwa vizuri." Nami jikoni nilikuwa nikizima kicheko kwa ncha ya leso huku nikiteleka chai. Ikiwa tayari, niliiweka kwenye stuli nikamwambia kuku, "Chai ni moto. Mtu asiungue." Wekesa aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika mlango. Lakini usiku huohuo aliniambia, "Baba hajawahi kumtaja mama tangu tumzike. Hata jina."

Mboga ndizo zilizonitia wazimu mwaka ule. Udongo wetu ulipasuka jua likiwaka, nyufa ambazo mkono ungeingia, na mvua ikija ukawa gundi. Maji tuliletewa na mikokoteni ya punda, ghali na yenye chumvi. Sukuma wiki zangu zilikuwa na majani ya saizi ya kidole gumba. Basi siku moja, saiba ikiwa haina wateja, nikakuta kwenye intaneti maelezo ya watu wanaofuga samaki ndani ya tangi, na maji ya samaki wale yakipandishwa kwa pampu kwenye vitanda vya kokoto vilivyopandwa mboga. Uchafu wa samaki unalisha mboga, mboga zinasafisha maji, na maji yanarudi kwa samaki. Hakuna udongo, na maji ni yaleyale yanazunguka. Nilichapa kurasa zile nikaenda nazo nyumbani kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Niliziacha kwenye stuli wakati nikipakua chakula, na nilipotoka sikuzikuta. Mzee alikuwa amekaa mlangoni pake, miwani puani, akisoma, na sahani ilikuwa magotini pake. Alisoma huku anakula. Alikula yote.

Kesho yake, Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai aliyetuletea maziwa, alisimama mlangoni kwangu akiwa na uso wa mtu aliyetumwa. "Sopa," alinisalimia. "Ipa," nikaitikia. "Mzee anasema nikuulize kama hiyo kitu ya samaki unataka kuifanya kweli ama ni ya kusoma tu." Nikamwambia nataka. Akatembea hatua chache hadi kwa mzee, akamwambia, "Anataka," akarudi. "Anasema basi afadhali wawe samaki wengi kuliko mboga." Nikamwambia amweleze kwamba bila mboga samaki watakufa. Akaenda, akarudi. Mwishowe alichoka. "Nyinyi mnasikiana vizuri kabisa," alisema, mikono kiunoni. "Mimi niko na maziwa yanaharibika. Na huyo samaki, sisi hatumli. Kwetu ni kama nyoka." Akaondoka akicheka, na mimi na mzee tukabaki kila mtu mlangoni pake, tukimtazama kuku.

Wekesa alitupatia tangi jeupe la plastiki lililokuwa limebeba sabuni ya maji, lile lenye kizimba cha chuma, na tukaliosha mpaka maji yakaacha kutoa povu. Mapipa mawili ya bluu yalikatwa kwa urefu yakawa vitanda. Kokoto zililetwa na lori na kumwagwa mbele ya geti, zikiwa na vumbi la kutosha kufunika ukoo mzima. Kuziosha kulituchukua siku nyingi. Yeye aliosha upande wa ukuta, mimi upande wa jikoni, kila mtu na beseni lake, na sauti pekee ilikuwa mawe yakigongana ndani ya maji. Wakati mwingine aliimba wimbo wa watoto wa shule, wa kujifunza kuhesabu. Sikuwahi kumsikia mwanamume mzima akiimba kwa upole namna ile, na nilijikuta naosha polepole ili kazi isiishe. Tulipounganisha mabomba, yalivuja kila mahali. Tukafunga kwa mpira wa tairi, yakavuja kidogo. Pampu tulinunua kwenye duka la samaki wa mapambo mjini Nairobi, kidude kidogo kama ngumi. Wekesa alipoiwasha Jumapili ile, maji yakapanda, yakaingia kwenye kokoto, yakapotelea humo, kisha yakarudi yakianguka tangini. Mzee alivua kofia. Alisimama pale akisikiliza maji yanavyoanguka, na nilikumbuka kwamba mtu huyu alizaliwa kando ya mto, na sisi tulimleta mahali ambapo maji yanakuja kwa punda.

Yeye mwenyewe alikwenda kutafuta vifaranga vya samaki. Alikuwa amesikia kuna mkulima mwenye bwawa upande wa Kiserian, na asubuhi moja akatoka kavaa koti na tai, akiwa na mtungi mtupu. Hakuwa ametoka geti peke yake tangu afike. Siku nzima nilikuwa nikichungulia barabarani. Alirudi jua likishuka, suruali imelowa kuanzia mapajani mpaka chini, maana alikuwa ameupakata mtungi safari yote mdomo wazi ili samaki wapumue. Uso wake ulikuwa uso mwingine. "Kuku!" aliita kutoka getini. "Kuku, mwambie mtu aje aone!" Tuliwamimina, perege wadogo kama majani ya mwarobaini, wakatawanyika kwenye maji meupe.

Walikufa. Hawakufa siku moja. Walikufa wachache kila asubuhi, matumbo juu, mpaka tangi likawa kimya. Kurasa zilikuwa zimesema, ila mimi nilikuwa nimezipitia haraka kwa tamaa ya kuanza: uchafu wa samaki ni sumu kwao wenyewe. Lazima kwanza vijidudu visivyoonekana viote ndani ya kokoto, ndivyo vinavyougeuza uchafu ule kuwa chakula cha mboga, na kuota kwavyo huchukua majuma. Sisi tuliwatia samaki kwenye maji mageni, na mzee kwa mapenzi akawalisha mchana kutwa, makombo ya chapati, ugali, hata mayai. Jioni alipomtoa wa mwisho, alimzika kando ya ukuta. Hakumtupa. Sahani ikaanza tena kurudi ilivyokwenda.

Jumapili iliyofuata niliwasikia chumbani mwake, yeye na Wekesa. Ukuta wa mabati hauna siri. "Nipeleke nyumbani," alikuwa akisema. "Baba, nyumbani hakuna mtu." "Kuna kaburi. Mimi nikishika kitu kinakufa, Wekesa. Mama yako nilimwambia homa hiyo ni ndogo, alale tu, asubuhi tutaenda hospitali. Nilimwambia hivyo." Mimi nilisimama uani na beseni la nguo, nikiwa nimesikia jambo ambalo mtu hakukusudia nilisikie, na sikuwa na ruhusa ya kuingia kumshika bega. Niliona kuku amelala kivulini. Nikachuchumaa mbele yake, nikapaza sauti ambayo ingefika hata kwa jirani. "Kuku, sikiliza. Wale samaki waliuawa na maji mapya. Ingekuwa ni mimi nimewalisha, wangekufa. Ingekuwa ni Wekesa, wangekufa. Kwenye karatasi wanasema karibu kila anayeanza anawapoteza wa kwanza. Na sasa kokoto zimeanza kuiva, maji yanaacha kunuka, na mimi siwezi kuziendesha peke yangu kwa sababu asubuhi niko kazini. Mtu akienda nyumbani, mimi nitang'oa mabomba yote. Nimesema." Kisha nikasikia kutoka chumbani, polepole, "Kuku, mwambie asing'oe."

Tulingojea kokoto ziive kama watu wanaongoja mtoto. Tulipanda miche ya sukuma na managu, tukaweka samaki wachache tu, na kuwalisha kiasi kile cha kumalizika mara moja. Mzee alidamka kila alfajiri kuyanusa maji. Julai ilileta baridi na ukungu kutoka upande wa mbuga, samaki wakashuka chini wakakataa kula, na yeye akawafunika kwa blanketi lake mwenyewe juu ya kizimba. Wekesa akaulizia blanketi limekwenda wapi, nikamwambia limepewa wageni. Baridi ilipokwisha, mboga zikalipuka. Managu yalikuwa na majani mapana ya kijani kinachokaribia weusi, na nilimfungia Mama Naserian furushi kila wiki. "Hii imekula nyoka?" aliuliza kila mara, akilichukua.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya joto kali, mchana, Wekesa akiwa bado kazini, na stima ikapotea. Pampu ikanyamaza. Samaki walikuwa sasa wakubwa kama kiganja cha mkono, na ndani ya muda mfupi wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Mzee alishika jagi, akachota maji, akayainua juu na kuyamwaga yaanguke kwa kishindo, maana maji yakianguka yanashika hewa. Akachota tena, akamwaga. Alipochoka aliweka jagi chini, akarudi nyuma, nami nikasogea nikaliokota, nikachota, nikamwaga, nikaliweka chini, nikarudi nyuma. Hivyo ndivyo ilivyopasa. Tulikwenda namna hiyo mpaka kivuli cha ukuta kikahama. Kila alipoinama kuliokota jagi nilimsikia akiguna, mkono mmoja ukishika kiuno, na kila mara alichelewa zaidi kuinuka. Samaki mmoja alilala ubavu. Nilikuwa nimesimama nikingoja, nimefumba macho kwa sababu ya jasho, na nilipoyafumbua alikuwa ameninyooshea jagi. Hakuliweka chini. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye mkono wa shati. Aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nilipoolewa.

"Shika, Rebeka," alisema. "Mgongo umekataa."

Nikashika. Vidole vyetu viligusana kwenye mpini wa jagi. Nilichota, nikamwaga, nikamrudishia mkononi, akachukua. Mama Naserian alitukuta hivyo, akasimama getini na mtungi wake wa maziwa. "Nyoka zenu zinakufa?" "Zinakaribia, Mama," mzee alimjibu. Akatua mtungi, akapandisha shuka yake begani, akachukua sufuria jikoni kwangu bila kuuliza, akaanza kuchota nasi, akigeuza uso pembeni kila samaki alipomkaribia mkono. Stima ilirudi jioni. Pampu ilikohoa, ikatema, maji yakaanguka. Tulipoteza samaki mmoja tu.

Kesho yake mzee alimpigia simu ndugu yake mdogo, naye akaja kutoka magharibi na uso wa mtu anayekuja kwenye kesi. Kwetu kuna namna ya kuiondoa miiko ile: wazee wanakaa, chakula kinaliwa, baba mkwe anampa mke wa mwanawe zawadi kwa mkono wake, na kuanzia hapo anakuwa kwake kama binti wa kumzaa. Lakini hufanywa baada ya miaka mingi, na kwa sababu kubwa. Nilikuwa jikoni nikisikiliza. "Yaani kwa sababu ya samaki?" ndugu yake aliuliza. "Kwa sababu ya samaki," mzee alisema. "Na kwa sababu huyu mtoto anazungumza na kuku mwaka mzima ili mimi nisife njaa." Ndugu yake alitaka kuku achinjwe kama desturi inavyosema, akamnyooshea kidole yule mwekundu. Mzee alisimama. "Huyo haguswi. Huyo ni mkalimani."

Kwa hiyo tulikula samaki. Niliwakaanga, kisha nikawarudisha kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, nikasonga ugali, nikachemsha managu. Mzee alinipa leso mpya, mkono kwa mkono, mbele ya Wekesa na ndugu yake, na mimi nikaipokea nikipiga magoti, machozi yakinidondoka kwenye kitambaa. Kisha akavuta kiti kilichokuwa karibu na chake, akakipiga-piga kama anayefuta vumbi, akaniambia, "Kaa." Nilikaa. Sikuwa nimewahi kuona anavyokula: alitenga miiba kwenye ukingo wa sahani kwa mstari ulionyooka, kama mwalimu anayepanga chaki. Kwa kuwa sasa niliruhusiwa kumuuliza kitu, na sikujua nianze wapi, nikamuuliza, "Baba, mama alikuwa anapika samaki namna gani?"

Wekesa aliacha kutafuna. Mzee alikaa na tonge mkononi. "Nafula?" alisema. Lilikuwa jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake. "Nafula hakupenda samaki hata kidogo. Miaka yote ile nikitoka mtoni nao, ananipikia, halafu yeye anakula mboga. Alisema wanamwangalia." Akacheka, kicheko kikakatika katikati, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono ule ulioshika ugali, kisha akacheka tena. Halafu akaanza kusimulia. Alisema Nafula alivyotembea akirusha mikono, alivyomshinda kuhesabu hata yeye mwalimu, wimbo aliouimba akipepeta wimbi, jinsi alivyokuwa mkali na jinsi alivyosahau ukali wake kabla hajafika mlangoni. Alisema na ile homa, na asubuhi ile, yote, na ndugu yake akamshika goti. Chai niliyopika ilipoa nikaipasha, ikapoa tena. Nilikuwa nimeolewa katika nyumba isiyo na mama mkwe, na watu waliniambia hiyo ni bahati. Jioni ile, nikiwa nimeketi kando ya baba yake Wekesa, nilimpata mama mkwe wangu.